Pampu Isilale na Petroli: Mwongozo Kamili wa Kutunza na Kuhifadhi Injini Ndogo Wakati wa Masika

Kila Juni, masika yakishakwisha na mifereji ikianza kukauka, pampu za umwagiliaji huanza kuletwa kwa mafundi zikiwa zimefungwa nyuma ya pikipiki. Maneno ya wenye pampu ni yaleyale: "Fundi, niliizima mwenyewe mwezi wa tatu ikiwa nzima. Leo nimevuta kamba mpaka bega limeuma." Na wanasema kweli. Waliizima nzima. Imeharibikia stoo.

Kinachoiua ni petroli iliyoachwa ndani yake. Petroli ikikaa miezi miwili mitatu kwenye kabureta, sehemu yake nyepesi huruka hewani na sehemu nzito hubaki chini ikiwa utando wa kahawia unaonata kama utomvu wa mti. Tundu la jeti linalopitisha mafuta ni jembamba sana, kwa hiyo utando kidogo tu unatosha kuliziba. Hapo unaweza kununua plagi mpya, oili mpya na kamba mpya, na injini isiwake.

Mwongozo huu ni wa injini ndogo za petroli za stroki nne zinazopozwa kwa hewa, zile zinazoendesha pampu za inchi 2 na inchi 3 kwenye mashamba ya nyanya, vitunguu na mchicha. Vipimo nimevitoa kwenye Honda GX160, kwa kuwa injini nyingi zilizo mashambani ni hiyo au zimeundwa kwa kuiga umbo lake. Kama yako ni nyingine, hatua ni hizihizi ila vipimo vifuate kitabu chake. Jenereta dogo la nyumbani nalo linatunzwa hivihivi, ukiacha hatua zinazohusu maji. Msumeno wa miti na bomba la kupulizia dawa ni stroki mbili, na kanuni zake za mafuta ni nyingine kabisa.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kazi halafu ukatume mtoto dukani huku petroli iko wazi. Kusanya kila kitu mapema:

- Oili mpya ya injini ya stroki nne, lita 1. 10W-30 inafaa, na kwenye joto letu namba 30 ya kawaida nayo inafaa. GX160 inachukua karibu lita 0.6, kinachobaki utakitumia hatua za mbele.
- Plagi ya akiba. Kwa GX160 ni BPR6ES au inayolingana nayo.
- Spana ya plagi, spana namba 10 na 12, bisibisi bapa.
- Beseni la kumwagia oili chafu.
- Dumu maalumu la petroli lenye kifuniko kinachobana, na faneli yenye chujio.
- Bomba la sindano la ml 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe.
- Brashi laini, vitambaa safi, sabuni na maji ya uvuguvugu.
- Ndoo ya mchanga mkavu. Petroli ikishika moto usimwage maji, maana inaelea juu ya maji na kutembea na moto wake. Mchanga unaufunika.
- Mbao mbili au tatu za kuinulia pampu, na shuka kuukuu.
- Kalamu na kipande cha karatasi ngumu.

Usiweke oili iliyokwisha kutumika kwenye gari au pikipiki hata kama inaonekana "bado nzuri". Imebeba masizi, chembe za chuma na tindikali. Oili ya stroki mbili (tustroki) nayo si ya kuweka humu. Na usichanganye oili na petroli kwenye tangi kama unavyofanya kwa msumeno: injini ya stroki nne ina oili yake chini, na petroli yake ni tupu.

## Hatari za kujua kabla ya kushika spana

### Moshi, na habari ya kisima

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni; mtu anahisi kichwa kizito na magoti kulegea, kisha anaanguka kabla hajaelewa kinachomtokea. Kwa hiyo injini haiwashwi stoo, hata mlango ukiwa wazi, wala chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Kwa wakulima, mtego mkubwa zaidi ni kisima. Pampu ya aina hii haivuti maji kwa nguvu zake peke yake; inatengeneza utupu kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Hata kinadharia kimo hicho hakivuki mita 10 na kidogo, na kwa vitendo ni mita 7 au 8. Kiangazi maji yakishuka zaidi ya hapo, mtu hupata wazo la kuishusha pampu ndani ya kisima iyakaribie maji. Pampu inafanya kazi vizuri kabisa. Kisima nacho kinajaa moshi, na hakina pa kuutolea. Mmoja anashuka kuzima injini au kuongeza mafuta, anaanguka. Wa pili anamwona, anashuka kumwokoa, naye anabaki hukohuko.

Usishushe injini ya petroli kisimani, hata kwa dakika tano. Maji yakizidi mita 7 kwenda chini, hapo panahitaji pampu ya kuzamisha ya umeme au ya jua. Na mtu akiwa ameshaanguka, usimfuate. Piga kelele za msaada, ita zimamoto (Tanzania ni 114), na kama alishuka akiwa amefungwa kamba, mvuteni mkiwa juu.

### Mvuke wa petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaondoka. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa, kibatari, au sigara ya mtu aliyekaa pembeni. Kazi ya petroli ifanyie nje, mchana, mbali na moto wowote.

Usinyonye petroli kwa mdomo kuitoa kwenye tangi. Ikipita njia ya pumzi, matone machache tu yanaharibu mapafu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu inaporudi ndipo inapoingia mapafuni, awahishwe hospitali. Na usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

### Joto

Bomba la moshi linabaki la kuunguza muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Petroli haiguswi mpaka uweze kuweka kiganja juu ya bomba hilo bila kukitoa.

## Hatua ya 1: Iendeshe mara ya mwisho, kisha iache ife yenyewe

Peleka pampu kwenye maji safi kabisa unayoweza kupata, hata kama ni pipa. Iendeshe kama dakika tano. Maji ya mtoni yanaacha tope na mchanga kwenye nyumba ya pampu; vikikaukia humo vinaganda kwenye impela (gurudumu linalosukuma maji) na kwenye sili inayozuia maji yasivuje, na siku ya kuwasha sili inakatika.

Mpira wa kuvutia ukiwa bado ndani ya maji, funga koki ya petroli. Usizime swichi. Injini itaendelea dakika chache ikila kilichomo kwenye kabureta, kisha itaanza kusuasua na kufa. Zima swichi baada ya hapo.

Maji yasikatike huku injini inazunguka. Sili ya pampu inapozwa na maji hayohayo, na ikizunguka kavu inaungua haraka.

Umefanikiwa ikiwa injini imekufa yenyewe, na ukivuta kamba koki ikiwa imefungwa haishiki tena.

## Hatua ya 2: Mwaga oili ikiwa bado ya moto

Sasa oili ni nyepesi na uchafu umeelea ndani yake. Ukisubiri ipoe, uchafu unatulia chini na kubaki humo. Oili chafu haifai kulala na injini miezi mitatu, kwa sababu tindikali na unyevu wake vinakula beringi na silinda taratibu, nawe huoni kitu.

Weka beseni chini ya bolti ya kumwagia, fungua kifuniko cha kujazia, kisha bolti yenyewe. Vaa glavu au shika kwa kitambaa. Iinamishe injini kidogo upande wa tundu mpaka itone tone moja moja. Angalia washa ya bolti. Ikiwa imepasuka, badilisha.

Rudisha bolti, simamisha injini mahali tambarare na ujaze oili mpya polepole mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ukipima kwa kijiti cha GX160, kiingize bila kukifungia nyuzi. Wengi hukifunga, na kipimo kinadanganya: oili inaonekana ipo kumbe imepungua.

Oili ikizidi nayo ni hatari. Inasukumwa kwenye chujio la hewa na kwenye silinda, na injini inatoa moshi mweupe mzito.

Oili chafu usiimwage mferejini wala kwenye tuta. Itie kwenye dumu, uipeleke gereji wanakokusanya.

## Hatua ya 3: Subiri, kisha ioshe kwa nje

Ipe angalau nusu saa ipoe. Ukimwagia maji injini ya moto, chuma kinashtuka na chaweza kupasuka.

Injini hii haina rejeta. Inapozwa na feni iliyo nyuma ya kamba ya kuwashia, inayopuliza hewa kwenye mapezi yanayozunguka silinda. Mapezi yakijaa tope na majani makavu, joto halina pa kutokea. Injini nyingi zinazosemwa "zimenoki kwa oili" kwa kweli zilikaangwa kwa mapezi yaliyoziba, na oili ikafuatia. Safisha kwa brashi na kitambaa chenye maji, pezi kwa pezi, na ukwangue nyasi zilizonasa kwenye matundu ya kifuniko cha feni.

Usipige maji ya presha kwenye chujio la hewa, kabureta wala tundu la bomba la moshi.

Kisha fungua bolti iliyo chini ya nyumba ya pampu, maji yote yatoke. Vuta kamba mara mbili tatu taratibu, yale yaliyojificha nyuma ya impela yamalizike. Acha hiyo bolti wazi mpaka kukauke, halafu irudishe. Usiitie mfukoni, ni rahisi kupotea.

## Hatua ya 4: Toa petroli yote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama pampu itawaka mwezi wa sita. Wengi hufunga koki na kuona inatosha. Haitoshi. Ile hatua ya 1 ilimaliza petroli ambayo injini iliweza kuinyonya. Chini ya bakuli la kabureta hubaki kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachogeuka utomvu.

Hakikisha injini imepoa na hakuna moto karibu. Kisha:

1. Weka faneli na dumu chini ya kabureta.
2. Legeza skrubu ndogo ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta. Ikiwa injini yako haina skrubu hiyo, legeza bolti inayoshika bakuli na ulishushe taratibu.
3. Fungua koki. Petroli ya tangi itapita na kutokea hapo. Tangi la GX160 ni lita 3.1, subiri liishe.
4. Funga koki, kisha fungua kikombe kidogo cha uchafu kilicho chini yake. Ndani utakuta mchanga, na mara nyingi matone ya maji yaliyokaa chini ya petroli kama shanga. Kifute, angalia mpira wake wa duara, kirudishe.
5. Rudisha skrubu au bakuli. Kaza kwa kiasi, mwili wa kabureta ni laini na nyuzi zinakatika upesi.
6. Futa chochote kilichomwagika na uache hewa ipite kabla ya kuendelea.

Petroli uliyoitoa ikiwa safi, itumie wiki hiyohiyo kwenye pikipiki. Usiiweke ikusubiri Juni.

Zipo dawa za kuchanganya na petroli ili isiharibike upesi, na vitabu vya injini huzitaja. Mimi nashauri kukausha. Dawa hizo hazipatikani kila duka la vijijini, zinataka petroli mpya na kipimo sahihi, na bado tangi lenye petroli ndani ya nyumba ni hatari. Injini kavu haina cha kuoza wala cha kuwaka.

Umefanikiwa ukifungua koki na skrubu kwa pamoja na hakuna hata tone linaloanguka.

## Hatua ya 5: Plagi, na oili ndani ya silinda

Vuta kofia ya plagi kwa kushika kofia yenyewe. Ukivuta waya unaukata kwa ndani. Futa vumbi linalozunguka plagi kabla ya kuifungua, maana lililobaki litaangukia kwenye silinda.

Itazame ncha yake. Rangi ya kahawia au ya majivu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni dalili ya chujio la hewa lililoziba au choki iliyosahaulika. Ikiwa imelowa oili, oili imezidi au ringi zimechoka. Nyeupe kabisa ni joto kali, rudi kwenye mapezi. Nafasi ya ncha ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Sasa vuta ml 5 za oili safi kwenye bomba la sindano na uziingize kwenye tundu la plagi. Hakikisha swichi imezimwa na kofia ya plagi iko mbali na tundu. Funika tundu kwa kitambaa, kaa pembeni, vuta kamba taratibu mara nne au tano. Oili inasambaa kwenye kuta za silinda na kuzuia kutu ya miezi ya unyevu.

Rudisha plagi kwa mkono mpaka ikae. Ikigoma kuingia, usilazimishe. Itoe uanze upya, kwa sababu nyuzi za kichwa cha silinda zikiliwa gharama yake ni kubwa. Ikishakaa, plagi ya zamani iongeze robo mzunguko kwa spana, mpya nusu mzunguko.

Mwisho, vuta kamba polepole mpaka uhisi inakuwa nzito, na uiache hapohapo. Uzito huo maana yake pistoni inapanda na valvu zote mbili zimefunga, kwa hiyo hewa yenye unyevu haina mlango wa kuingilia.

## Hatua ya 6: Chujio la hewa

Fungua kifuniko. Sifongo ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, ikauke kivulini. Kisha ichovye kwenye oili safi ya injini na uikamue mpaka isidondoshe tena. Usiioshe kwa petroli.

La karatasi halioshwi wala halipigwi brashi. Ligonge taratibu kwenye kitu kigumu vumbi lidondoke. Likiwa jeusi au limetoboka, nunua jingine. Usikubali kuendesha bila chujio eti injini inavuta vizuri zaidi. Vumbi la shamba ni msasa, linakula silinda na ringi ndani ya msimu mmoja.

## Hatua ya 7: Mahali pa kulala

Paka oili nyembamba kwa kitambaa sehemu za chuma zilizobanduka rangi. Inua pampu juu ya mbao, isiguse sakafu. Iwe wima na sawasawa; ikilazwa ubavu, oili inaingia kwenye silinda na chujio, na siku ya kuvuta kamba utakuta imekaza.

Ifunike kwa shuka au gunia safi. Usiifunge kwenye nailoni, kwa sababu unyevu wa asubuhi ukishaingia humo hautoki, na utakuta kutu pale ambapo pangekuwa pakavu.

Isikae jikoni, wala kwenye kibanda cha vifaranga chenye jiko la mkaa, hata baada ya kutoa petroli. Tangi tupu bado lina mvuke. Isikae pia na mifuko ya mbolea. Stoo nyingi za wakulima huweka vyote pamoja, nami naliona hilo kila ninapoingia shambani. Mbolea inavuta unyevu na kutafuna chuma, na zile zenye naitreti, kama CAN, zinauchochea moto ukitokea. Tenganisha hata kama ni kwa ukuta tu.

Watu huniuliza kama wawashe dakika mbili kila wiki "ili isisahau". Hapana. Dakika mbili hazitoshi kuipasha moto, zinazaa maji ndani ya bomba la moshi na kwenye oili, na zinarudisha petroli kwenye kabureta uliyoikausha. Iache ilale.

Andika kwenye karatasi: tarehe, oili imebadilishwa, tangi tupu, plagi ya lini. Ifunge kwenye mpini wa kamba, mahali ambapo hakuna atakayeweza kuwasha bila kuisoma.

## Hatua ya 8: Kuiamsha

Masika yakiisha, usikimbilie kamba. Toa shuka na uchungulie matundu ya feni na chini ya kifuniko cha chujio. Panya hupapenda, na kiota kimoja cha majani makavu kinatosha kuziba hewa au kushika moto.

Pima oili. Weka petroli mpya kupitia faneli yenye chujio, usijaze mpaka mdomoni. Fungua koki na usubiri dakika moja ukiangalia chini ya kabureta. Ikivuja, funga na urudie kukaza, usiwashe. Jaza maji kwenye nyumba ya pampu kupitia tundu la juu, maana bila hayo haivuti na sili itaungua.

Funga choki (kilango cha hewa cha kabureta) kwa kuwashia baridi, mkono wa mafuta uwe theluthi moja, swichi iwake. Vuta kamba taratibu mpaka iwe nzito, kisha vuta kwa nguvu. Usiiachie ghafla irudi yenyewe, irudishe kwa mkono. Moshi mweupe wa dakika moja mbili ni ile oili ya silinda inaungua, usiogope. Ukiisha na mlio ukatulia choki ikiwa imerudishwa, umefaulu.

## Ikikataa kuwaka

Fuata mpangilio huu, usibadilishe vitu ovyo.

Oili. Baadhi ya injini hizi zina kinga inayokata moto wa plagi oili ikipungua. Inavutwa siku nzima bila kuwaka, na tatizo ni vikombe viwili vya oili. Pima upya, injini ikiwa tambarare.

Petroli. Legeza skrubu ya kabureta koki ikiwa wazi. Isipotoka, njia imeziba au boya limenata. Ikitoka na injini haiwaki, itoe plagi: ikiwa kavu baada ya kuvuta mara kumi, jeti imeziba.

Moto. Weka plagi mpya kabla ya kitu kingine. Usijaribu cheche kwa kugusisha plagi kwenye chuma huku petroli imemwagika pembeni.

Mgandamizo. Kamba ikiwa nyepesi muda wote kama ya kuchezea, valvu imekwama au haifungi. Hiyo ni ya fundi.

Jeti ikiwa imeziba, shusha bakuli, toa jeti, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza hewa. Usiichokonoe kwa waya wa chuma. Tundu lake lina kipimo, na ukilipanua hata kidogo injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Tumia uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba.

## Ikishawaka: ratiba ya msimu

Kila asubuhi, kabla ya kamba: oili, chujio la hewa kwa jicho, mapezi.

Kila saa 50 safisha chujio. Kwenye vumbi usisubiri hata nusu ya hizo.

Injini mpya hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Hapa ndipo wakulima wanapojikosesha. Ukimwagilia saa 5 kwa siku, saa 100 zinaisha ndani ya siku 20. Anayebadilisha oili mara moja kwa msimu ameshazipita mara nne au tano. Chora kistari kwenye ukuta wa stoo kila siku ya kumwagilia. Vikifika ishirini, oili inatoka. Kila oili ya tatu, weka na plagi mpya, na umpe fundi apime nafasi za valvu injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.15, ya kutolea 0.20.

Gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, usikiguse. Kuna wanaovuta springi yake ili pampu itoe maji mengi zaidi. Injini hii imepangiwa mizunguko 3600 kwa dakika, na ikizidishwa siku moja konrodi inakatika na kutoboa ukuta wa injini. Maji yakiwa kidogo, kwanza tazama chujio la mpira wa kuvutia, viungio vinavyovuta hewa, na kimo ulichoiweka pampu juu ya maji.